Karl Terzaghi, mhandisi aliyetafuta chini ya ardhi sababu ya nyufa za nyumba

Nyumba ya matofali inapopasuka ukuta, mtu wa kwanza kulaumiwa ni mwashi. Watu husema alipunguza simenti, au alijenga haraka haraka ili alipwe aende zake. Lakini mara nyingi kosa haliko katika mikono yake. Liko mita kadhaa chini ya msingi, ndani ya udongo ambao hakuna aliyeupima.

Aliyethibitisha jambo hilo kwa hesabu, wakati wengine walikuwa wakikisia, ni Karl Terzaghi, mhandisi wa Austria aliyezaliwa mwaka wa 1883 na kufariki mwaka wa 1963. Leo, kabla ya kuchimba njia ya treni chini ya mji wa zamani wa Ulaya, wahandisi huingiza nyumba za juu yake ndani ya kompyuta, moja baada ya nyingine. Wanataka kujua mapema ni ukuta gani utapasuka, na ufa utakuwa na upana gani. Mizizi ya programu hizo iko katika hesabu ambayo Terzaghi aliitafuta mjini Istanbul, katika miaka ya shida, akitumia masanduku ya sigara na vyuma vilivyotupwa.

Mtoto wa afisa wa jeshi

Terzaghi alizaliwa tarehe 2 mwezi wa kumi mwaka wa 1883 mjini Prague, mji uliokuwa wakati ule chini ya ufalme wa Austria na Hungary. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na jamaa ilitazamia kwamba mtoto naye atavaa sare. Akiwa na umri wa miaka 10 alipelekwa katika shule ya bweni ya kijeshi. Huko alivutwa zaidi na hesabu, jiografia na elimu ya nyota kuliko mazoezi ya askari.

Mwaka wa 1900 aliingia shule kuu ya ufundi ya Graz kusomea uhandisi wa mashine. Hakuwa mwanafunzi mtulivu. Alipenda pombe na ugomvi wa vijana wa shule, na nusura afukuzwe. Lakini alimaliza mwaka wa 1904 kwa sifa, na moyo wake ulikuwa umekwisha kuhama kutoka kwenye mashine kwenda kwenye mawe na milima. Alipokuwa akitumikia jeshi kwa mwaka mmoja, alitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Kiingereza kinachofundisha namna ya kusoma miamba na udongo mahali vilipo.

Baadaye aliajiriwa na kampuni moja ya Vienna iliyojenga mitambo ya umeme wa maji. Alifanya kazi Kroatia, kisha Urusi. Kwenye kazi hizo aliona jambo lililomsumbua kwa miaka mingi. Wahandisi walijua kukadiria nguvu ya chuma, ya mbao na ya betoni hadi kilo ya mwisho. Lakini walipofika kwenye udongo wenyewe, unaobeba vyote hivyo, walitegemea mazoea na bahati. Jengo likisimama, walijisifu. Likizama, walisema udongo ulikuwa mbaya.

Mwaka wa 1912, baada ya kupata shahada ya udaktari mjini Graz, alipanda meli kwenda Marekani. Alizunguka huko karibu miaka miwili akitembelea mabwawa makubwa ya magharibi na kukusanya habari za udongo. Alitumaini kwamba akijua jina la udongo na historia yake, atajua pia namna utakavyobeba mzigo. Haikuwa hivyo. Udongo uliopewa jina moja ulibeba vizuri mahali pamoja na kuangusha ujenzi mahali pengine. Alirudi Austria mwishoni mwa 1913 akiwa amevunjika moyo, na daftari zake zikiwa zimejaa habari zisizompa jibu.

Maabara ya masanduku ya sigara

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, Terzaghi aliitwa jeshini na kupelekwa upande wa Serbia. Baadaye alifanya kazi kwenye uwanja wa ndege za kijeshi karibu na Vienna. Mwaka wa 1916 mwalimu wake wa zamani, Philipp Forchheimer, alimsaidia kupata nafasi ya kufundisha katika shule ya wahandisi ya serikali ya Waturuki mjini Istanbul.

Vita ilipokwisha mwaka wa 1918, Austria na Uturuki zilikuwa upande wa walioshindwa, na Terzaghi akapoteza kazi. Alipokelewa na Robert College, shule ya Wamarekani iliyo juu ya mlango wa bahari wa Bosporus. Mshahara ulikuwa mdogo, na maabara ya udongo haikuwepo. Siku moja alikaa na karatasi moja, akaandika juu yake mambo yote ambayo mtu anapaswa kuyajua ili aweze kusema udongo utafanya nini ukibebeshwa mzigo. Kisha akaanza kutengeneza vyombo kwa mikono yake, kwa masanduku ya sigara na vipande vya vyuma alivyookota.

Chombo kimoja kilikuwa muhimu kupita vyote. Alichukua duara la udongo wa mfinyanzi uliolowa maji, akaliweka ndani ya pete ya chuma ili lisipanuke pembeni. Juu na chini aliweka vipande vinavyopitisha maji. Akaweka mzigo juu, kisha akangoja, akiandika kila mara udongo umeshuka kwa kiasi gani.

Aliloliona linaeleweka na mama yeyote aliyewahi kukamua mihogo. Mihogo iliyolowekwa ikitiwa ndani ya gunia na kuwekewa jiwe juu, jiwe halishuki mara moja. Mwanzoni ni maji yanayobeba uzito wa jiwe, kwa sababu yamenaswa ndani na hayakamuliki. Polepole maji yanatafuta njia na kutoka. Kadiri yanavyotoka, uzito unahamia kwenye mihogo yenyewe, nayo inashikamana, na gunia linapungua unene. Jiwe linaacha kushuka pale tu ambapo maji yaliyobanwa yamekwisha kutoka.

Udongo wa mfinyanzi chini ya jengo hufanya vivyo hivyo. Terzaghi alitenganisha mambo mawili ambayo wengine waliyachanganya: nguvu inayobebwa na maji yaliyo kati ya chembe, na nguvu inayobebwa na chembe zenyewe zikigusana. Hii ya pili ndiyo inayoamua udongo utabanwa kiasi gani na utakuwa na nguvu gani. Aliandika hesabu inayoonyesha kushuka huko kunakwenda kwa mwendo gani. Hesabu hiyo ilitoka mwaka wa 1923, na mwaka wa 1925 alichapisha kwa Kijerumani kitabu kikubwa kilichoanzisha elimu mpya, elimu ya nguvu za udongo.

Kutoka hapo ikajulikana kwa nini jengo linaweza kusimama vizuri siku ya sherehe ya ufunguzi, kisha likaanza kupasuka baada ya miaka 10. Mchanga unaachilia maji yake haraka, kwa hiyo unashuka wakati ujenzi ungali unaendelea. Udongo wa mfinyanzi unayashika. Tena, tabaka la mfinyanzi lenye unene mara mbili halihitaji muda mara mbili kumaliza kushuka, linahitaji muda mara nne. Mwashi amekwisha kulipwa na kwenda, na udongo bado unakamuliwa.

Kwa nini ukuta unapasuka

Jengo likishuka lote pamoja, kwa kiasi kimoja kila upande, kuta hazipati shida kubwa. Mlango utakuwa chini kidogo, mabomba yatavutwa, basi. Hatari inaanza pale upande mmoja unaposhuka kuliko mwingine: labda kwa sababu mfinyanzi ni mnene zaidi upande ule, labda jirani amejenga jengo zito pembeni, labda kuna shimo linalochimbwa chini.

Hapo ukuta unakunjwa kama ubao. Chuma kinakubali kukunjwa kidogo. Tofali halikubali. Ukuta wa matofali una nguvu nyingi ukibanwa, lakini ukivutwa unakatika upesi, hasa kwenye simenti au chokaa inayounganisha tofali na tofali. Ndiyo sababu nyufa nyingi zinapanda kama ngazi, zikifuata viungo, na kukimbilia pembe za madirisha na milango ambako ukuta ni dhaifu. Ikiwa katikati ya nyumba ndipo panaposhuka, nyufa hufunguka zaidi upande wa chini. Ikiwa ni miisho inayoshuka na katikati imebaki juu, hufunguka upande wa juu. Hali hii ya pili ni mbaya zaidi, maana juu hakuna msingi unaosaidia kuushikilia ukuta.

Mfano unaojulikana na dunia nzima ni mnara wa Pisa, Italia. Ujenzi ulianza mwaka wa 1173 juu ya udongo laini. Ukasimama baada ya miaka michache mnara ukiwa haujafika hata nusu, na kazi ikarudiwa takriban karne moja baadaye. Wataalamu wanakubaliana kwamba kusimama huko ndiko kuliuokoa: mfinyanzi ulipata muda wa kukamuliwa na kupata nguvu. Kama mafundi wangeumaliza bila kupumzika, ungeanguka. Terzaghi mwenyewe aliandika mwaka wa 1934 juu ya sababu za kuinama kwa mnara huo, akitumia elimu aliyoianzisha.

Ugomvi wa Vienna

Mwaka wa 1925 Terzaghi aliitwa Marekani kufundisha katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT. Huko ndipo alipofahamiana na Ruth Doggett, mtaalamu wa miamba, ambaye alimwoa mwaka wa 1930 baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika. Ruth alikuwa pia msaidizi wake katika uandishi kwa maisha yao yote. Mwaka wa 1929 alirudi Austria akiwa profesa katika shule kuu ya ufundi ya Vienna. Jina lake lilikuwa limekwisha kuenea. Mwaka wa 1936 wahandisi wa nchi nyingi walikutana katika chuo kikuu cha Harvard kwa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa elimu ya udongo, na yeye ndiye aliyeuongoza.

Mwaka huohuo, nyumbani Vienna, ukatokea ugomvi ambao unasimuliwa hadi leo. Profesa mwenzake katika shule ileile, Paul Fillunger, alikuwa amechunguza kwa muda mrefu maji yaliyo ndani ya vitu vyenye matundu. Hakukubaliana na hesabu ya Terzaghi. Terzaghi na mwenzake Otto Fröhlich walipochapisha kitabu juu ya kushuka kwa matabaka ya mfinyanzi, Fillunger alitoa kijitabu kikali. Ndani yake hakushambulia hesabu tu, alishambulia pia heshima ya watu hao wawili.

Terzaghi alipeleka mashtaka kwa wakubwa wa shule. Iliundwa tume ya maprofesa kuchunguza nani ana haki. Tume ikaona kwamba hesabu ya Terzaghi ni sahihi na kwamba mashambulio ya Fillunger hayana msingi. Mwezi wa tatu mwaka wa 1937, Fillunger na mke wake walijitoa uhai.

Historia haikumwacha Fillunger katika aibu. Wanahesabu waliokuja baadaye walisoma tena maandiko yake na kukuta kwamba, pamoja na ukali wake wote, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwa njia kamili nadharia ya kitu kigumu na maji vikiwa vimechanganyika. Mzozo ambao ungeweza kuzaa kazi ya pamoja uligharimu maisha ya watu wawili.

Chicago: nyumba juu, wachimbaji chini

Mwaka wa 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria. Terzaghi alihamia Marekani na kuanza kufundisha Harvard. Alipata uraia wa Marekani mwaka wa 1943.

Muda mfupi baada ya kufika, mji wa Chicago ulianza kuchimba njia ya treni chini ya barabara zake za katikati. Udongo wa Chicago ni mfinyanzi laini, na juu yake yamesimama majengo marefu, mengi yakiwa na misingi isiyoshuka hadi kwenye mwamba. Wenye majengo waliogopa. Terzaghi alitoa mhadhara mjini humo juu ya hatari ya kuchimba katika udongo wa namna hiyo, na mara moja pande zote mbili zikamtaka: wenye majengo, na serikali ya mji. Alichagua kufanya kazi na mji, lakini kwa masharti. Alitaka maabara ya udongo iwepo, na msimamizi wake awe mtu aliyemchagua yeye.

Mtu huyo alikuwa Ralph Peck, kijana aliyesomea madaraja. Peck na wenzake walipima usiku na mchana. Walipima namna mfinyanzi ulivyosogea kuelekea kwenye shimo la handaki, na namna barabara na majengo ya juu yalivyoshuka. Ikaonekana wazi kwamba udongo unaoingia ndani ya handaki bila kutarajiwa chini ndio unaopotea juu. Wachimbaji wakiacha uso wa mfinyanzi wazi kwa muda mrefu, mji wa juu unalipa. Wakibadili namna ya kuchimba na kushikilia udongo upesi, kushuka kunapungua.

Mwaka wa 1969, miaka sita baada ya kifo cha Terzaghi, Peck alikusanya vipimo vya mahandaki mengi na kuonyesha kwamba ardhi ya juu ya handaki inashuka kwa umbo la kengele iliyopinduliwa: chini zaidi katikati, ikipanda taratibu kwenye pande zote mbili. Umbo hilo ndilo ambalo hadi leo mhandisi analichora kwanza kabla ya kuuliza ni nyumba zipi ziko ndani yake. Terzaghi na Peck waliandika pamoja kitabu cha mazoezi ya kazi kilichotoka mwaka wa 1948, na kizazi baada ya kizazi cha wahandisi kimekisoma.

Shauri alilolitoa Kenya

Kazi za Terzaghi zilifika hadi Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1950, bwawa la Sasumua lilikuwa linajengwa kwenye nyanda za juu za Kinangop, nchini Kenya, ili kuupatia mji wa Nairobi maji. Udongo wa mahali pale ulitokana na mawe ya volkano yaliyooza, na majibu ya maabara yalitia hofu. Ulikuwa mwepesi kuliko kawaida na ulishika maji mengi. Kwa vipimo vya Ulaya na Marekani, udongo kama huo usingefaa kitu.

Terzaghi aliyeombwa shauri hakuukataa kwa sababu ya namba hizo. Alitaka kujua zinatoka wapi. Ilionekana kwamba chembe za mfinyanzi huo zimeshikana katika vifungu vigumu, na maji mengi yamefungiwa ndani ya vifungu hivyo. Kwa hiyo udongo ulioonekana mbaya kwenye karatasi ulikuwa na nguvu nzuri na ulishikamana vema. Bwawa likajengwa kwa udongo huohuo, na mwaka wa 1958 alichapisha maelezo marefu juu yake. Wahandisi wanaofanya kazi katika nchi zenye udongo mwekundu wa joto na mvua wanayataja hadi leo.

Katika uzee wake aliendelea kuitwa kwenye kazi kubwa. Alikuwa katika kundi la washauri wa bwawa la Aswan nchini Misri, akajiuzulu mwaka wa 1959 kwa kutokubaliana juu ya namna ya kulijenga. Wahandisi wa Marekani walimpa mara nne medali yao ya Norman. Alifariki tarehe 25 mwezi wa kumi mwaka wa 1963, nyumbani kwake Winchester, jimbo la Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 80. Mwaka wa 1965 bwawa moja alilolisimamia nchini Kanada, lililojengwa juu ya mfinyanzi uliotazamiwa kushuka sana, lilipewa jina lake.

Kutoka karatasi hadi kompyuta

Swali ambalo Terzaghi aliliacha kwa waliofuata lilikuwa hili: tukijua ardhi itashuka sentimita ngapi, tutajuaje ukuta utaumia kiasi gani? Mwaka wa 1956 wahandisi wawili, Alec Skempton na Donald MacDonald, walikusanya habari za majengo 98, mengine mazima na mengine yaliyopasuka. Walikuta kwamba nyufa huanza kuonekana pale tofauti ya kushuka kati ya nguzo mbili inapofika karibu sehemu moja ya 300 ya umbali ulio kati yao. Kwa nguzo zilizo mbali mita 6, hiyo ni sentimita 2 tu.

Mwaka wa 1974 John Burland na Peter Wroth walikwenda mbali zaidi: waliuchukua ukuta kama ubao mnene unaokunjwa, wakahesabu unavutwa kiasi gani kabla haujapasuka. Kutoka hapo yalipatikana madaraja ya uharibifu yanayotumiwa sasa. Ufa usiofika milimita 1 ni wa kupaka rangi. Kati ya milimita 5 na 15, milango inaanza kukwama. Ukipita milimita 25, jengo linaweza kuhitaji kubomolewa sehemu na kujengwa upya.

Kompyuta ilikuja kufanya kile ambacho kalamu haikuweza. Programu inakata ukuta na udongo katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu. Kila kipande kinapewa tabia yake: tofali, kiungo cha chokaa, dirisha, mchanga, mfinyanzi na maji yake. Kisha handaki linachimbwa ndani ya programu, hatua kwa hatua. Kompyuta inaonyesha mahali ambapo ukuta unavutwa kuliko unavyoweza kuvumilia, na ufa unafunguka kwenye picha kabla mchimbaji hajagusa jembe. Inaonyesha pia jambo ambalo hesabu rahisi ilikosa: ukuta mgumu unaibishia ardhi. Haufuati kila bonde linalojitokeza chini yake, na mara nyingi unaumia kidogo kuliko ilivyotabiriwa.

Kazi kama hizo ziliongoza uchimbaji wa njia ya treni ya Jubilee mjini London katika miaka ya 1990, karibu kabisa na mnara wa Big Ben. Uji wa simenti ulisukumwa chini ya mnara, mara kwa mara, kwa kufuata vipimo, ili usiiname kupita kipimo. Huko Pisa, mnara ulifungwa mwaka wa 1990. Wataalamu walijaribu kwanza ndani ya kompyuta kile walichotaka kufanya, kisha wakaondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande uliokuwa juu. Mnara ukarudi nyuma karibu nusu digrii, na wageni wakaanza kuupanda tena mwaka wa 2001.

Lakini kompyuta haijui kile ambacho haikuambiwa. Mwaka wa 2008, mjini Amsterdam, nyumba za zamani za wafumaji katika mtaa wa Vijzelgracht zilishuka zaidi ya sentimita 10, na wakaaji wakahamishwa. Hesabu ya handaki haikuwa na kosa. Ukuta wa betoni wa shimo la kituo ulikuwa na tundu, na maji pamoja na mchanga vikapita.

Terzaghi angeielewa habari hiyo upesi. Maisha yake yote alifundisha kwamba hesabu ni mwanzo wa kazi: mhandisi anatabiri, kisha anapima wakati ujenzi unaendelea, na vipimo vikikataa, anabadili mpango. Katika maandiko yake ya mwaka wa 1950 juu ya maporomoko ya ardhi alitumia wazo lilelile la maji yaliyonaswa kati ya chembe. Wazo hilo linahusu hata Bukavu, ambako mtaa wa Funu umejengwa juu ya ardhi inayosogea polepole, na watafiti wameifuata kwa picha za satelaiti mwaka baada ya mwaka. Pale ardhi inateleza, haikamuliwi tu kama ya Pisa au Chicago, lakini kuta zinapasuka vilevile, na maji yamo katika sababu.

Daftari za Terzaghi, ambamo aliandika siku zake tangu ujana, na barua zake nyingi, zimehifadhiwa katika taasisi ya udongo ya Norway, mjini Oslo. Vyombo alivyovianza kwa masanduku ya sigara vimekuwa mashine za maabara katika kila nchi. Bado vinafanya kazi ileile: duara la udongo uliolowa, mzigo juu yake, na mtu anayengoja na kuandika.